Oili ya Kompresa Ndani ya Chupa ya Alizeti

Kosa langu la mwanzo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti lilikuwa kuweka sampuli ya oili ya kompresa, mashine yetu ya kushindilia hewa, kwenye chupa iliyowahi kuwa na mafuta ya alizeti. Niliisugua kwa sabuni, nikaianika juani hadi nikaridhika. Singida kila nyumba ina chupa za namna hiyo, na mimi, niliyejifunza ufundi kwenye simu, sikujua kwamba mabaki kidogo tu yanaharibu kipimo.

Tunapima oili ili tujue mapema kama kuna kinachoharibika ndani ya kompresa, kabla haijatufia. Majibu yalipokuja kutoka maabara Dar, yalisema oili imechafuka vibaya. Niliogopa mashine itafia mikononi mwangu, nikaomba izimwe, msimu wa mavuno, magunia ya alizeti ya wakulima wa Misigiri yakiwa yamepangwa hadi getini. Tuliifungua kutwa nzima. Beringi zilikuwa safi. Hakuna kilicholika.

Fundi mkuu akachukua ile chupa, ambayo nilikuwa nimebakiza oili kidogo ndani yake baada ya kutuma nyingine Dar, akainusa.

"Mwanangu, hapa ulipima kompresa au ulipima mboga?"

"Niliiosha, mzee."

"Uliiosha. Haya, kawaambie wenye magunia maneno hayo."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimechoka hata aibu sikuiona, nikaanza kurudisha nati.

Wasiwasi haujaniisha. Ila siku hizi natumia chupa mpya, natoa oili mashine ikiwa bado ya moto, kabla uchafu haujatuama chini, na majibu yakiwa mabaya napima tena kabla sijaomba kitu kizimwe.