Siku Niliyokataa Kucheka Kwenye Mahari ya Mdogo Wangu

Nianze na aibu yenyewe, maana najua mmeshaisikia na mnasubiri nifike: ni mimi, Somoe, niliyesimama mbele ya wageni walioleta mahari ya mdogo wangu nikamwita mjane wa watu mke wa siri. Ndiyo, ni mimi. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza kusimulia sitaki kuona meno ya mtu, na hasira niliyo nayo mpaka leo haijui pa kwenda, mara inaniangukia mwenyewe, mara inamwangukia mwanamke mmoja wa kwenye kitabu ambaye hata kuzaliwa hakuzaliwa.

Kitabu chenyewe ni riwaya nene ya falme na majini, niliazimwa na jirani yetu Mwalimu Neema, mtu wa Bukoba, ana vitabu mpaka chini ya kitanda. Mara ya kwanza niliisoma kama kila mtu anavyosoma, nikamfuata mwana wa mfalme na farasi wake anayepaa, nikalia alipotekwa, nikafurahi aliporudi. Ilipokwisha nikaanza upya, na safari hii (hapo ndipo shetani aliponikalia) nikaamua kuisoma kwa macho ya mtu mmoja tu, Bi Tausi, mpishi wa jumba la mfalme. Vita naviruka, mapenzi nayaruka, nasimama pale tu Bi Tausi anapoingia na sinia. Nikagundua jambo ambalo mwanzo lilinipita kabisa: yule mama alikuwa anajua kila kitu! Mchekeshaji wa mfalme anasema kwa mzaha kwamba mwana wa mfalme siku hizi hana kivuli, ukumbi mzima unaangua kicheko, na kwenye mstari mmoja mdogo mwandishi anasema Bi Tausi hakucheka. Basi. Mbele huko sana ndipo sisi wengine tunaambiwa kwamba yule hakuwa mwana wa mfalme, lilikuwa jini limevaa sura yake, na Bi Tausi alikuwa keshalipima zamani kwa chumvi kwenye mchuzi.

Jamani, nilijiona nimefumbuliwa macho. Kazini kwetu Naliendele, kwenye kitalu cha mikorosho, nikawa naunganisha vikonyo, vijitawi vya miti bora, kwenye miche huku nawapima wenzangu, nani kacheka, nani kanyamaza, nani kasukuma sahani bila kula. Mume wangu Athumani akiniambia anatoka kidogo namtazama mpaka anauliza, "Kwani nina nini usoni?" Hakuwa na kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeshakuwa Bi Tausi, na Bi Tausi haambiwi kitu.

Sasa mdogo wangu. Mwanahawa nimemlea kama mwanangu, na uchumba wake wa kwanza ulivunjika baada ya yule bwana kukutwa ana mke na watoto Lindi. Alikaa ndani hasemi na mtu mpaka tukaogopa. Baadaye akampata Salumu, fundi pikipiki wa Mahurunga, kijana mpole asiye na maneno, akachanua tena, akarudi kuimba akiosha vyombo. Siku moja tukishona foronya zake akaniambia, "Dada, hii nayo ikivunjika, mimi basi. Msije mkanitafutia mtu mwingine." Nikamwambia haivunjiki. Nilimwambia mimi, kwa mdomo huu huu.

Siku ya mahari wageni wakaja kutoka Mahurunga na gari la kukodi, wazee wanne watano, mshenga wao, na wanawake wachache. Salumu mwenyewe aliwasindikiza lakini akabaki nje kwenye gari, ndivyo ilivyo adabu. Upande wetu mwenye neno alikuwa Mjomba Bakari, maana kwetu Wamakonde baba anasikilizwa ila mjomba, ndugu wa mama, ndiye anayepokea. Mwanahawa kafichwa chumbani nyuma ya pazia. Na kama kawaida akaja Bi Esha, Mmakua, mtani wetu tangu enzi za babu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani. Mtani haalikwi. Anaingia, anakutukana, anakuzulia mambo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Mshenga hajamaliza hata salamu, Bi Esha kashika kiuno. "Njomba Bakari, mnampa nani ntoto wetu? Huyo Salumu ana nke ng'ambo ya Kilambo! Kila Ijumaa anavuka mto kwenda kula kwake, nimemwona kwa macho haya, anarudi kashiba!"

Watu hoi. Mshenga alicheka mpaka kofia ikamdondoka, Mjomba Bakari anajifuta machozi. Na mimi hapo hapo nikafanya uamuzi mdogo kabisa, ambao ungeuona usingeuhesabu kuwa uamuzi: nisicheke. Nilibana midomo. Najua utani ni nini, nimekulia ndani yake, msinifundishe! Ila nikawaza, Bi Tausi naye si alijua kwamba yule ni mchekeshaji? Na ni nani mwingine angeweza kusema ukweli mbele za watu asipigwe?

Nikazungusha macho kutafuta nani mwingine hajacheka. Nikamwona. Mwanamke kijana upande wa wageni, kakaa karibu na mlango, kajifunga kanga isiyo na makuu, kampakata mtoto wa kike wa kama miaka miwili, uso mkavu kabisa. Nikajisemea, huyo hapo.

Zamu ya kunawisha wageni ilikuwa yangu. Nikachukua birika na beseni nikaanza kupita, macho yako mlangoni, mikono inafanya kazi yake peke yake, na ilifanya vizuri mpaka kwa mshenga, ambapo beseni lilikuwa kushoto na maji nikayamimina kulia, yote, mapajani kwa mtu mzima aliyevaa kanzu nyeupe. Bi Esha akapiga kigelegele, "Kakojoa mshenga wenu!" Watu wakacheka tena, na yule mwanamke tena hakucheka, na mimi badala ya kuomba radhi kama mtu aliyelelewa nikamwambia mshenga "pole" huku namtazama mwenzake. Pilau likaja. Akasukuma sahani mbele, akamlisha mtoto, yeye hakutia hata tonge. Nikikumbuka nilivyofurahi nataka kujizaba kofi, maana nilifurahi, wenzangu, nilifurahi kama niliyeokota kitu cha thamani.

Ikabaki chumvi. Bi Tausi alikuwa na chumvi, mimi nikatumia mtoto. Nilimchukua yule binti kwa upole, "njoo mama nikuonyeshe kuku," nikatoka naye mpaka uani, nikamwelekeza upande wa gari alipokuwa Salumu. Nikamnong'oneza, "Nenda kwa baba." Jamani yule mtoto alitimka! Mikono juu, anapiga kelele "Baba! Baba!", na Salumu akainama akamwinua na kumrusha hewani, wote wawili wanacheka.

Mtu mwenye akili zake angemfuata Salumu akamuuliza. Au angeingia chumbani kwa mdogo wake. Mimi nilirudi ukumbini, nikasimama katikati ya busati, kati ya masinia, wakati mshenga (mwenye mapaja yaliyolowa) ndiyo anakabidhi mahari kwa Mjomba, nikanyoosha kidole mlangoni nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia: "Mjomba, usipokee! Mke wa Salumu ni huyu hapa. Na mtoto wamezaa!"

Hata Bi Esha alifunga mdomo, na mimi sijawahi kumwona kaufunga.

Mjomba Bakari akauliza taratibu, "Nani kakwambia?"

Sijui kwa nini. Mnaniuliza kila siku na mimi sijui. Lilinitoka lenyewe: "Bi Tausi."

"Bi Tausi gani? Aitwe aje aseme."

Na wakamwita! Mama akatuma mtu jikoni, nasikia huko nyuma wanaulizana, "Bi Tausi yuko wapi? Nani Bi Tausi?", mwingine anasema labda ni yule aliyekuja na nazi, na mimi nimesimama tu na kidole changu. Ikabidi niseme. Nikasema Bi Tausi ni wa kwenye kitabu. Mjomba akauliza kitabu gani, cha dini? Nikasema hapana, cha majini.

Yule mwanamke akainuka. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Akasema, "Naitwa Zainabu. Mume wangu alikuwa kaka yake Salumu. Yule mtoto kazaliwa baba yake yuko kaburini, baba anayemjua ni Salumu, sasa amwite nani? Sikula kwa sababu nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani, sikutaka kulisema hilo mbele ya wazee. Na kwa kuwa umenisimamisha, wasikie na lingine. Ukoo ulitaka Salumu anirithi. Tulikataa wote wawili. Aliwaambia ana mtu wake Mtwara mjini na hataki mwingine. Mtu mwenyewe ndiye mdogo wako."

Nyuma ya pazia nikasikia Mwanahawa analia, na haikuwa sauti ya kilio cha bibi harusi. Baba mkubwa wa Salumu akasimama, akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, sisi tumefika, tumeona, tunaondoka," wenzake nao wakasimama, sinia la mahari likafunikwa tena kwa kanga yake. Nikaona kabisa uchumba wa pili wa mdogo wangu unatoka mlangoni, na safari hii hapakuwa na mke wa Lindi wa kulaumiwa.

Aliyeuokoa ni Bi Esha. Alijilaza mlangoni, mwili wote, akaziba njia. Kumruka mtani aliyelala mlangoni kwako hakuna athubutuye. "Nipiteni juu!" alipiga kelele. "Uongo ule wangu, nausema kila mahari! Hata huyu nayemsikia leo ana akili za vitabuni, siku ya mahari yake nilimpa mumewe nke Newala, na yeye ndiye aliyecheka kuliko nyumba nzima! Kwa hiyo nyinyi kaeni, ila huyu msimpe nyama."

Ni kweli tupu. Nke wa Newala. Nilicheka nyuma ya pazia mpaka wakaniletea maji. Nimekaa na Athumani miaka yote hii na hakuna siku nimeulizia habari za Newala, kwa sababu wakati ule nilikuwa mtu mzima mwenye akili, sikuwa mpishi wa mfalme!

Wageni wakakaa. Walikaa shingo upande, lakini wakakaa, mahari ikapokelewa, dua ikasomwa. Halafu Mjomba Bakari akanigeukia mbele ya wote akasema, "Somoe, wewe humpeleki mdogo wako." Ni hayo tu. Mimi niliyemlea, niliyeshona foronya, niliyekuwa nimeshachagua sare ya siku ile, nilibaki nyumbani na Athumani siku Mwanahawa anapelekwa Mahurunga. Nasikia aliyempokea mlangoni na kumshika mkono mpaka ndani alikuwa Zainabu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapopasuka. Yule Bi Tausi hajawahi kukosea hata mara moja, na mimi nilidhani ni akili. Akili gani? Aliyelitengeneza lile jini ndiye huyo huyo aliyemtilia chumvi mkononi! Alimnyamazisha penye la kunyamaziwa, alimpa ukumbi uliojaa wajinga ili yeye aonekane, na alihakikisha hakuna mtu yeyote mle ndani ambaye hali kwa sababu tu amefunga. Mimi nani kaniandikia? Nilirudisha kitabu kwa Mwalimu Neema, akauliza, "Ulikipenda?" Nikamwambia kama anataka ujirani uendelee asiniulize. Kusoma nitasoma, sijaacha, lakini kurudia kitabu nimekoma, na nikiona mtu mwerevu anaingia na sinia nafunga.

Nilikwenda Mahurunga kumwomba Zainabu radhi. Alinipokea, akanipa chai na mihogo, akasema yamekwisha, na nadhani kwake kweli yamekwisha. Kwa Mwanahawa bado. Alikaa nami kwenye mkeka mpaka chai ikapoa, ndipo akasema, "Zainabu nilimjua kabla sijamjua mama mkwe. Salumu alinipeleka kwake mwanzo kabisa. Ungeniuliza, Dada, ningekwambia." Nikasema najua. Akaniuliza, "Huyo Bi Tausi wako, alikuwa na mdogo wake?"

Nilipofika nyumbani nilirudi kwa Mwalimu Neema kwa mara moja hiyo tu, nikasimama mlangoni kwake nikaipekua riwaya nzima, kila alipotajwa. Hana. Hana mdogo, hana dada, hana hata jirani, mle ndani kote hakuna mtu mmoja anayempenda ambaye yeye akikosea angempoteza.