Chumvi Kiganjani

Juzi, kwenye mkutano wa kampeni Makambako, mgombea wetu aligawa pakiti za chumvi. "Njooni, mama zangu!" Sauti ile niliijua.

Nilipokuwa mtoto alikuwa mfugaji, jirani yetu kule Njombe. Alasiri moja ya baridi nilimkuta zizini, samadi ikinuka, akiwalambisha ng'ombe chumvi kiganjani. "Njoo, mama, njoo," aliwabembeleza.

"Bibi, yule baba anawapenda sana ng'ombe wake," nilisema.

Bibi aliguna. "Subiri jioni."

Jioni lori la machinjioni lilikuja. Ng'ombe walikifuata kile kiganja wenyewe, bila fimbo, mpaka ndani.

Juzi pakiti yangu niliitupa miguuni pake. Mnafiki yule aliiokota, akaipangusa vumbi, akaninyooshea kiganja.

"Njoo, mama, njoo."