Siku Mbili za Chombo cha Uganda Mbele ya Bandari ya Bukoba

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya bandari ya Bukoba, Mkuu wa Bandari, Mwingereza aliyewahi kuwa baharia, hakuniuliza habari za shule. Alinipeleka dirishani akanionyesha meli iliyotia nanga mbali na ufuko. Wakati ule shehena ilishushwa kwa matishari, yaani mashua pana zisizo na injini. Mlingotini ilipepea bendera ya manjano.

"Inasema nini?" aliniuliza.

Nikajibu kwamba sijui.

"Inasema: mimi ni mzima, naomba kuingia. Mpaka mganga akubali, hakuna mtu anayekanyaga nchi kavu."

Nikawa karani wa vyombo. Niliandika jina la kila chombo, mahali kiliposajiliwa, shehena yake na abiria wake. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa mjini, lakini mama alizaliwa karibu na mpaka wa Ruanda, kwa hiyo nilijua Kinyarwanda na nikafanywa mkalimani pia.

Mkuu alinifundisha sheria mbili. Ya kwanza, bandari ni mlango wa nchi, na mwenye nchi anaweza kumkatalia mgeni. Ya pili, aliyosema ni ya kale kuliko serikali yoyote, chombo kilicho hatarini hakikataliwi bandari. Nilizikariri zote mbili. Sikujua kwamba siku moja zingegombana mbele yangu.

Nilikuwa mwaka wa nne kazini kilipokuja chombo cha injini kilichobeba mbao kutoka Uganda. Kwenye daftari letu kilikuwa cha kigeni, ingawa Mwingereza alitawala pande zote mbili. Tulikwenda kwa mashua, mimi na mganga msaidizi. Juu ya mbao walikaa watu ishirini na saba, wamelowa, wanatetemeka. Nahodha alikuwa Mganda mtu mzima, mwenye sauti ya chini.

"Nimewaokota karibu na Rubafu, upande huu wa mpaka," alisema. "Mashua yao ilipinduka. Ningefanya nini, niwapite?"

Walikuwa wametoka Ruanda kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya Uganda. Hawakuwa na vyeti vya njia wala chanjo ya ndui, ndiyo maana walipita ziwani, wakikwepa ukaguzi wa kivuko cha mto Kagera.

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikataa wasishuke. Alisema chombo ni cha Uganda, kiwapeleke Uganda. Simu ya maandishi ikaenda, jibu likaja kwamba watu hao walipandia Tanganyika, Uganda haiwataki. Mkuu wa Bandari akanipa fomu niijaze. Swali moja liliuliza: je, chombo kimo hatarini? Nilikuwa nimeiona injini ikifanya kazi, na ndani hapakuwa na maji. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: hapana.

Kwa neno langu hilo, chombo kikabaki kwenye nanga. Mchana upepo ukawa mkali, na kutoka ofisini niliona kinavyoyumba.

Kesho yake asubuhi tulirudi na dawa. Mwanamume mmoja aliyekuwa amekunywa maji mengi siku ya ajali alikuwa amekufa. Ndugu yake alikuwa amempakata kichwa. Aliniuliza kwa Kinyarwanda kama inaruhusiwa kumzika nchi kavu. Nikamwambia nitauliza. Hadi leo jibu hilo linaniuma.

Ndipo nikamgeukia nahodha. "Chombo hiki kimepimwa kubeba watu wangapi?"

"Tisa, pamoja na mabaharia."

"Na jana upepo ulipovuma?"

"Kililala ubavu mpaka maji yakapanda sitahani. Mara mbili."

"Kwa nini hukuniambia tangu jana kwamba ni watu tisa tu?"

"Hukuniuliza, ndugu yangu. Uliuliza injini."

Nilirudi ofisini nikiwa nimelowa maji ya mawimbi. "Nimekosea, Bwana," nilimwambia Mkuu. "Chombo kimo hatarini. Kilikuwa hatarini tangu jana."

"Ripoti iliyotiwa saini haifutwi," alisema.

"Basi naomba kuandika nyingine."

Akasukuma fomu mpya upande wangu. Nilipomaliza aliitia saini bila kumngoja DC, akaamuru matishari yatoke.

DC alikuja wakati watu wanashuka. "Nani amekuruhusu?"

"Sheria ya bahari," Mkuu alijibu.

"Hili ni ziwa."

"Mtu anazama vilevile, Bwana."

Watu waliwekwa katika banda la karantini, mahali pa kutengwa mpaka mganga aridhike. Wazee wa usharika wa Kilutheri walitoa mahali pa kumzika marehemu bila kuuliza dini yake, na baba yangu alikuja kusaidia kuchimba. Baadaye wengi walirudishwa mpakani na askari. Wachache walipata vibali vya kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Miezi michache baadaye Mkuu alihamishwa, na hakuna aliyetuambia sababu. Mimi nilipelekwa Mwanza, kisha nikarudi Bukoba hadi nilipostaafu.

Makarani vijana huniuliza kazi ile ilitaka nini. Mwandiko wangu ulisifiwa miaka yote, lakini siku ile haukumsaidia mtu. Fomu iliniuliza juu ya chombo, nami nikasahau waliokuwa juu yake.

Baada ya kustaafu nilihamia Muleba kwa watu wa mke wangu. Siku moja, dukani Nshamba, mzee mmoja mkulima wa kahawa alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi alivyofika nchi hii. Alitaja mbao, upepo, na ndugu yake aliyemfia mapajani.

"Siku mbili tulikaa pale," alisema. "Huwa nafikiri labda watu wa bandari hawakutuona."

Ningeweza kununua sukari yangu nikaondoka.

"Mlionekana vizuri, waitu," nilimwambia kwa adabu ya Kihaya. "Mimi ndiye niliyekuwa karani."

Mzee alinitazama usoni, akimtafuta karani yule wa zamani. Kisha akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi ya kukaa.