Mchezo wa Tendwa na Jina Nililolilia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mchana wa jua kali hapo Bungoma, nikiwa bado na meno yangu yote. Simu za mkono ndio zilikuwa zinaanza kuingia vijijini. Wewe umeniuliza ni michezo gani ya jukwaani sisi watu wa kawaida tuliijua zaidi. Nitakwambia, na nitakwambia pia kile ambacho mmojawapo ulinifanyia.

Tuliyoijua ni ile ya vitabu vya mtihani. Watoto waliikariri jikoni, na sisi mama zao tukisonga ugali ikatuingia. Kulikuwa na mchezo wa hakimu aliyekula ng'ombe wa mjane, huo tulicheka. Kulikuwa na wa mfalme aliyekataa kuzeeka. Lakini uliojaza ukumbi wa mji kila mara ni ule wa mama anayeletewa habari kwamba mwanawe, Tendwa, amekufa vitani. Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini huo niliujua neno kwa neno.

Kikundi kilitoka Kitale. Mama wa Tendwa aliigizwa na Rosa Wanjiru, binti ya Kamau fundi cherehani. Alipofika mahali pa kulia, Rosa akasahau. Akasimama mdomo wazi.

"Si umsaidie, wewe unajua yote!" Jirani yangu Felista akanisukuma, akicheka.

Nikasimama. Nikashika kichwa, nikalia vile tunalia kwetu, kile kilio chenyewe cha matanga. Lakini jina la Tendwa halikuja. Mimi ambaye sisahau jina la mtu! Lililotoka ni Wekesa. Kifungua mimba wangu, mzima kabisa, aliyekuwa kule mpakani Suam akiuza vitunguu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kukhu Nasimiyu, yaani Nyanya Nasimiyu, alikuwa ameketi kando yangu. Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Umemlilia mtu anayepumua?"

"Ni mchezo tu, Kukhu."

"Na kilio kimeambiwa na nani kwamba ni mchezo? Kesho umtafute."

Wekesa hakuwa na simu. Asubuhi nikaondoka, nikapitia Kitale, nikafika Suam saa saba. Nje ya nyumba aliyopanga, majirani walikuwa wameketi kwenye benchi, hawaongei. Ndipo Wekesa akatoka, amejifunga blanketi. Hakunisalimia.

"Mama, jana ulienda wapi?"

"Jana nilikuwa Bungoma."

"Hapana, ulikuwa hapa. Uliniita ukilia, hapo nyuma ya ukuta. Nikatoka, ukasonga mbele. Nikakufuata."

Chebet, mwenye nyumba, akamalizia: "Mpaka mtoni, bana! Tulimtoa maji yamefika kifuani, na kuogelea hajui. Anatuambia ati mama yuko ng'ambo."

Nikauliza ilikuwa saa ngapi. Saa tisa. Saa ile ile Rosa alikuwa amesimama mdomo wazi.

Nikamrudisha nyumbani. Kukhu akakataa apite mlango wa mbele. Akamwingiza kwa ule wa nyuma, kama mtu aliyekwisha kuliliwa. Akasema kilio kimeshaanzishwa, lazima kimalizwe kama vingine vyote. Siku ya tatu akaninyoa kichwa kama mfiwa, na Wekesa ameketi hapo mbele yangu, anakunywa chai.

"Mmeona wapi maiti akiomba sukari?" Felista akajaribu kutania. Hata yeye mwenyewe hakucheka.

Wekesa akapona. Sasa ana watoto wanne. Lakini mpaka leo, nikimwita kwamba chakula kiko tayari, haitiki. Anakuja kwanza mpaka nilipo, ananiangalia usoni, ndio anasema, "Naam, mama."

Kwa hivyo, mwanangu, ukumbini nenda. Cheka, lia, sema maneno kabla ya waigizaji kama tulivyofanya sisi. Ila yule anayekufa jukwaani mwachie jina alilokuja nalo. Usimweke mtu wako mahali pake, hata kwa mzaha, hata watu wakikusukuma. Na ukisahau, keti chini unyamaze. Aibu hiyo utalala nayo, uamke imeisha.

Mungu akutangulie uendako. Na kila sauti inayokuita kwa jina, iwe ni ya mtu ambaye ukigeuka utamwona.