Musumeno Ulikata Nyuzi za Uso Wangu

Mwaka 1948 nilikuwa na miaka kumi na minane, na siku yangu ya kwanza ya kazi niliteremshwa ndani ya shimo. Ilikuwa pori la Walikale, kwa muzungu mumoja wa mbao. Gogo linalazwa juu ya shimo; mupasuaji mumoja anasimama juu, mwenzake chini, wanavutana musumeno. Wa chini anakula vumbi. Huyo wa chini njo mimi.

Mwaka wa tatu musumeno ulikatika. Kipande kikanipasua shavu, toka sikio mpaka karibu na mudomo. Munganga wa kambi alishona vizuri, kidonda kikafunga. Lakini mudomo ulibaki upande, jicho likakataa kufunga, na baada ya miezi miwili moto ukaanza. Upepo ukigusa shavu, moto. Maji ya kunawa, moto.

Niliposema inauma, kapita, musimamizi wetu, alinishika kidevu mbele ya watu.

"Damu iko wapi? Usaha iko wapi?"

"Hakuna, kapita."

"Basi hakuna maumivu. Shuka, bibi-arusi!"

Walicheka. Sikusahau hata mumoja. Kwetu wapasuaji, kidonda kilichofunga kimekwisha. Ukilalamika tena, wewe muvivu. Hata mimi niliamini hivyo! Nikasema basi ni meno, nikang'olewa matatu. Mazima. Moto ulibaki palepale.

Mwaka 1956, kule Masisi nilikokwenda kutafuta dawa, munganga muzee alinigusa shavu na pamba tu, nikaruka. Hakucheka.

"Kaka, musumeno ulikata nyuzi za ndani: za kusogeza uso, na za kupeleka habari ya maumivu kichwani. Ngozi ilipona, hizo ziliota vibaya. Zinapiga ngoma ya kilio, na maiti hakuna."

"Zitanyamaza?"

"Sijui. Lakini wewe hausemi uongo."

Hasira ilinipanda. Maneno machache namna ile, na miaka mitano hakuna aliyeniambia! Nilirudi kwa kapita.

"Shimoni sishuki tena. Nitasimama juu."

"Juu si pa mutu wa mudomo upande."

"Basi shuka wewe."

Hakushuka. Niliondoka kwa miguu mpaka Kibabi, nikaanza kupasua mbao zangu mwenyewe. Mutu wangu wa chini nilimufunga kitambaa usoni. Akisema inauma, musumeno unasimama. Sikumuuliza damu hata siku moja.

Leo mikono imechoka. Niko na nyumba ya mbao nilizopasua mwenyewe, mabati juu. Shamba la maharagwe. Mbuzi tisa. Misumeno miwili, mumoja una kutu. Na shavu hili, linawaka hata sasa ninapoandika.