Nilipima Kando ya Barabara, Nikahukumu Shamba Lote

Ipo siku moja ya mwezi wa pili ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Siku hiyo nilisimama mbele ya wakulima kwenye kituo cha kuuzia chai, nikashika karatasi isiyo na hata mkwaruzo mmoja, nikatangaza kwamba udongo wa Gogo Raeli umechoka. Nilikuwa nimekosea. Na kosa lile lilikaribia kumpotezea mama yule mzee chai yake na chemchemi iliyo chini ya shamba lake.

Unisamehe kukuita mwanangu. Nina miaka thelathini na mitatu tu, na ndevu zangu bado hazijaamua upande wa kuota. Wazee wa huku wangenicheka wakinisikia. Lakini kama nikingoja mvi ndipo nikuonye, huenda nawe utakuwa umeshatangaza lako mbele ya watu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma chai katika shamba moja kubwa nje ya Kericho, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Chuo sikufika. Mambo ya udongo nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa vitabu vikuukuu nilivyokuta vikiuzwa kando ya njia. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu moja: kwamba siku yoyote mtu atasimama aulize, "Wewe ulisomea wapi?" Basi nilijilinda kwa unadhifu. Daftari langu halikuwa na maneno yaliyokatwa. Nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa mzima na kuandika upya. Siku nyingine niliandika ukurasa mmoja mara tano. Nilifikiri huko ndiko kuwa hodari.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Silibwet, na kikundi kimoja cha wakulima wa chai kiliniita. Walikuwa wamesikia habari za kaboni redioni, wakataka kujua ni mashamba yapi kati yao yanayoihifadhi na yapi yanayoipoteza. Mimi nilikuwa na bomba la chuma la kuchimbia ambalo fundi mmoja wa jua kali alinichomelea, na nilikuwa na njia yangu. Nilikausha udongo juani, nikaupima kwa mizani ndogo ya jikoni, nikauchoma kwenye jiko la makaa mpaka ukageuka rangi, nikaupima tena. Uzito unaopotea motoni, kwa sehemu kubwa, ni wa majani na mizizi iliyooza, na humo ndimo kaboni hukaa. Udongo ukipoteza kidogo, akiba yake ni ndogo. Njia yenyewe si mbaya. Naitumia hata leo kwa makadirio.

Shamba la Gogo Raeli lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Gogo ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, hata wale wasio wa damu. Alikuwa mjane, anaishi na mwanawe wa mwisho, Weldon. Shamba lao linaanzia barabarani, linateremka polepole katikati ya chai, kisha linaanguka ghafla hadi bonde lenye majimaji ambako chemchemi hutoka. Nilifika saa sita, jua la mwezi wa pili likiwa limekausha kila kitu. Chai ya upande wa barabara ilikuwa imepogolewa karibuni. Matawi yote yalikuwa yamebebwa kuwa kuni, udongo ukabaki mtupu, mgumu kama sakafu.

Nilinyoosha kamba, nikachimba mashimo matatu kwenye mstari ulionyooka sawasawa. Bomba liliingia kiasi cha kiganja likagoma. Nikatazama chini bondeni. Niliona matope. Nikafikiria viatu vyangu, na zaidi ya viatu nikafikiria vile vikaratasi vyangu vya majina nilivyobandika kwenye mifuko ya udongo, jinsi vitakavyolowa na wino kutawanyika. Nikakunja kamba nikaenda nyumbani.

Hilo ndilo kosa, mwanangu, ukitaka kulijua kwa jina lake. Nilichagua mahali ambapo kazi yangu ingeonekana safi.

Siku ya mkutano nilisoma shamba moja baada ya jingine. La Gogo Raeli likawa la mwisho kwa namba pia. Nikasema, "Huu udongo umechoka." Ulimi hauna mfupa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana maziwa ya ng'ombe wake ni maji!" Watu wakacheka. Gogo alikuwa ameketi kwenye kikapu cha chai kilichogeuzwa. Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akasimama, akaenda.

Baada ya wiki mbili Weldon alinikuta nikinywa chai hotelini.

"Injinia!" akaniita, akanipiga bega. "Wewe umetusaidia sana. Nilikuwa nabishana na mathe miaka yote. Sasa karatasi imeongea."

"Imeongea nini?"

"Si ulisema udongo umeisha? Nang'oa chai, napanda bulugamu. Kutoka barabarani mpaka kule chini kabisa kwenye maji. Miche inakuja Jumamosi. Nimeshatoa laini mbili za chai tayari."

Bulugamu ni mkaratusi, mti unaokua upesi na kunywa maji kama harusi nzima. Kuupanda kwenye chemchemi ni kuiaga chemchemi. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba huko chini sikufika. Neno la kusema lilikuwa fupi sana, "Sikupima bonde," maneno mawili tu. Lakini hoteli ilikuwa imejaa, na wawili kati ya waliokuwepo walikuwa wanakikundi.

Nikamwambia, "Sawa."

Kosa la kwanza lilikuwa la mikono. Hili la pili lilikuwa la moyo, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku tatu sikulala vizuri wala kula vizuri. Ijumaa asubuhi nikatumiwa ujumbe na Gogo mwenyewe: nije, na nije na chuma changu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku kucha. Nikaenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa, hata majibu nikayapanga njiani.

Nilimkuta kwenye lango akiwa amevaa gambuti za marehemu mume wake, jembe begani.

"Chamgei," akanisalimu.

"Chamgei mising, Gogo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Uso wako ni kama wa mtu aliyelala kwa adui. Kunywa kwanza."

Akanipa kikombe cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, nikanywa nikiwa nimesimama, nikimwona ananikagua. Kisha akasema, "Nionyeshe pale ulichimba."

Nikamwonyesha. Akapiga jembe mara moja, akainua bonge la udongo mwekundu, akalivunja. "Huu ni mkavu, ni kweli. Hapa juu mvua inaosha kila mwaka, na kuni zangu nazitoa hapa. Hata mimi mwezi wa pili nikipimwa, nitapatikana nimechoka."

Tukateremka. Katikati ya chai akasimama, akainama chini ya vichaka. Hapo matawi ya miaka iliyopita ya kupogoa yalikuwa yameachwa yalale, tabaka juu ya tabaka. Aliniambia kwamba tangu azikwe mume wake amekataza mtu yeyote kuokota kuni upande huu. Majirani walimwita mchoyo wa kuni. Akafukua kwa vidole, na udongo wa chini ulikuwa wa rangi ya kahawa, unavunjika kama keki, una minyoo. Mvua ile ya usiku ilikuwa imeuamsha. Ulikuwa unanuka ile harufu ambayo huwezi kuieleza kwa mtu asiyewahi kuinusa.

Tukapita nyuma ya zizi, ambako mbolea ya ng'ombe imemwagwa miaka mingi. Kisha tukafika bondeni. Viatu vyangu vikazama. Akaniamuru nitumie chuma changu, nacho kikashuka bila kusukumwa, kikashuka, mpaka mpini ukagusa nyasi. Nilipokitoa kilikuwa kimejaa udongo mweusi tii toka juu hadi mwisho. Nilikaa nikiutazama. Majani yaliyooza hapo yalikuwa yamelala majini tangu kabla ya kuzaliwa babu yangu, na kwa kuwa maji huzuia hewa, hayakuwa yameisha. Sehemu kubwa ya akiba ya shamba lile ilikuwa pale, na Weldon alikuwa anataka kuikausha. Udongo wa namna hiyo ukikauka, akiba hupanda hewani kidogo kidogo, na mtu hawezi kuirudisha katika maisha yake.

"Kwa nini hukushuka siku ile?" akaniuliza.

Nilikuwa na majibu yangu niliyopanga. Yote yakanipotea. "Niliogopa kuchafua karatasi, Gogo."

Alinitazama kwanza kama hakusikia. Kisha akacheka mpaka akashika mpini wa jembe asianguke. "Karatasi! Weldon anang'oa chai ya baba yake kwa sababu ya matope kwa karatasi!" Akapangusa macho. Alipomaliza kucheka sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikiza, kijana. Ukifika kwa mtu, ukute mlango wa mbele umepauka, utasema jikoni hakuna chakula? Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Wewe unachagua hata mahali pa kukanyaga."

"Nitaandika karatasi nyingine, Gogo. Nitaandika udongo wako ni mzuri kuliko wote."

"Hapana!" Akanishika mkono, mkono wake ukiwa na matope. "Hiyo pia hujui. Umeona leo asubuhi tu, na mvua imenyesha. Nenda umwambie Weldon hujui. Hiyo tu. Halafu uwaambie wale waliocheka."

Mwanangu, nimebeba magunia ya mbolea kupanda vilima hivi. Hakuna mzigo uliokuwa mzito kama neno lile "sijui". Weldon nilimkuta kwenye zile laini mbili alizong'oa, mizizi ikiwa juu. Nilimwambia yote: kwamba nilipima mahali pamoja, siku moja, wakati wa kiangazi, na kwamba hotelini nilijua na nikanyamaza.

"Kwa hivyo wewe unatangatanga tu ukidanganya watu?" akasema. "Na chai yangu hii?"

"Hiyo siwezi kurudisha."

Alinitukana, na alikuwa na haki. Mwisho akatupa jembe chini, akauliza miche ya kesho ataipeleka wapi sasa. Mama yake ndiye aliyejibu, akiwa amekuja nyuma yetu polepole: "Panda hapa juu, barabarani, pale mawe ni mengi. Ikikua tutapata kuni, na matawi ya chai yatabaki kwa chai." Weldon akaokota jembe lake. Kisha akasema, "Mathe, hiyo ungesema mapema," naye akamjibu, "Uliniuliza lini?"

Wiki iliyofuata nilisimama tena pale kituoni. Nikawaambia yaleyale niliyomwambia Weldon. Yule aliyesema habari za maziwa alicheka tena, safari hii akinicheka mimi, na nikagundua kwamba kuchekwa hakuui. Wakakubali nipime upya mwaka mzima.

Nilichoona mwaka ule ni hiki. Kwenye tabaka la juu namba zilicheza: kiangazi hivi, mvua za kwanza vile, baada ya mvua ya mawe iliyoangusha majani vingine tena. Chini zaidi namba zilitulia, kama mzee asiyebadili kiti chake kanisani. Na kutoka barabarani hadi bondeni, ndani ya shamba moja ambalo unaweza kulipita kabla hujamaliza kuimba ubeti mmoja, tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya jirani na jirani. Wote niliowapanga kwenye orodha, wa kwanza hadi wa mwisho, niliwapanga bure. Wengine niliwachimbia karibu na zizi, wengine mahali palipokwanguliwa.

Basi nasaha yangu ni hii, nayo si ya udongo peke yake. Usimpime mtu wala shamba kwa upande unaopakana na barabara. Teremka. Rudi msimu mwingine, kwa sababu kila kilicho hai kina mwezi wake wa kukauka. Usipende usafi wa kazi yako kuliko wale wanaoitegemea. Na ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo, hata kama hoteli imejaa, kwa maana mtu mwingine ameshanunua jembe kwa neno lako. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini ukikiri kwamba hulijui utakuta wenye taa wako karibu, nao mara nyingi ni watu uliowadharau.

Mungu akupe miguu isiyoogopa matope na masikio ya kuwasikia nyanya. Akupe mvua kwa wakati wake. Na ukianguka, akuangushe mahali laini, mbele ya watu watakaokucheka kisha wakupe kikombe.

Mimi bado nina wasiwasi, sitakudanganya. Lakini siku hizi nachimba mashimo kuanzia juu hadi bondeni, narudi kila msimu, na daftari langu limejaa maneno yaliyokatwa. Nisipojua, naandika sijui.