Amina ya Anti Araba

Nana Otuwa alibeba mchanga wa kujengea kanisa kichwani mwake, karai kwa karai, kutoka ufukweni hadi juu kilimani. Alipokufa, kanisa likasema halimtambui. Naanzia hapo. Nikianzia kwingine nitazunguka sana, na mimi shule niliiacha mapema, sijui kuzunguka vizuri.

Tunakaa ua mmoja hapa Sekondi, pwani ya Ghana, sisi upande wa jikoni, wao upande wa barabara. Nana alikuwa mama yake Anti Araba, na Anti Araba ndiye ninayetaka kumwandika.

Anti Araba anatengeneza vile vikofia vya sherehe ambavyo wanawake huvipachika pembeni ya kichwa, vyenye wavu na manyoya. Nguo ya vikofia hivyo ni ngumu. Anaichovya kwenye uji mwepesi wa wanga, anaipinda juu ya bakuli, anaibana kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke. Mikono yake imechubuka kwa sindano. Mume hana, aliyekuwepo alikwenda Abidjan na hajasikika. Hana duka la kukaa pia. Duka lake ni ukurasa wake kwenye ule mtandao mkubwa wa simu ambao kila mtu yumo, na humo wanawake wa Accra na Tema humwagiza.

Na kichwa cha kuonyeshea vikofia kilikuwa cha Nana. Bibi hana jino mbele, amevaa manyoya ya zambarau, anacheka! Watu walimpenda mno.

"Araba," Nana alikuwa akisema, "leo nimependwa na wangapi?"

"Wengi, Mama. Kuna mzee wa Tema anauliza kama una mume."

"Mwambie nina bunduki."

Sasa kanisa letu, Mlango Mwembamba, lilipata mtandao wake. Osofo Arkoh, mchungaji wetu, alisimama madhabahuni akasema mitandao ya dunia ni soko la shetani, na kwamba Wakristo hawana budi kuwa na mahali pao pa kusalimiana, pa kuombeana, pa kutangaza harusi na misiba, bila matusi wala wanawake uchi. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri, na huko kwenye ule mkubwa kweli kuna uchafu. Mtandao wetu ukaitwa Zizi. Aliyeutengeneza alikuwa Shemasi Ebo Dadzie, kijana aliyesomea kompyuta Accra, anayevaa tai hata akienda kununua kenkey, ule ugali wetu wa mahindi.

Ndani ya Zizi huwezi kubishana. Huwezi kuweka kicheko wala sura ya kununa. Chini ya kila tangazo kipo kitufe kimoja tu: Amina.

Kanisani mchungaji akisema, sisi tunaitikia. Hatungoji amalize, mdomo umeshazoea. Basi vidole navyo vikazoea. Simu ikilia, tangazo la Osofo limeingia, watu wanabonyeza Amina huku wanakaanga samaki. Tena ilibidi, kwa sababu Ebo alikuwa anaona nani kabonyeza na nani bado, na Jumapili waliochelewa walisomwa majina mbele ya watu wote kama wezi wa kuku. Baada ya kusomwa mara moja, nani atasoma tangazo kwanza? Unabonyeza, utasoma baadaye. Na baadaye hakuna anayesoma.

Anti Araba aliingia Zizi. Lakini ukurasa wake wa vikofia hakuufunga. Ebo alimjia uani.

"Sista Araba, kondoo halali mazizi mawili."

"Shemasi, kule silali. Kule nauza."

"Unamvisha mama yako manyoya mbele ya wasioamini."

Nana alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Akainua kichwa. "Wewe Ebo, mwana wa Kojo muuza chumvi? Mimi hata simu sina. Kondoo gani wa Mungu alishika simu? Nenda, mwanangu, tai yako itaingia kwenye mihogo."

Tulicheka. Ebo hakucheka. Nadhani aliondoka na kile kicheko chetu mfukoni.

Nana akafa. Alilala baada ya kula, hakuamka. Wakampeleka mochwari, na siku ya kukaa matanga ya juma la kwanza watu walijaa uani wamevaa nguo za msiba, nyekundu na nyeusi. Haja ya Nana ilikuwa moja, na aliisema mara nyingi hata tukachoka nayo: aimbiwe na akina mama wa chama chake, chama alichokianzisha yeye mwenyewe na Maame Bentsiwa, wakiwa wamevaa zile nguo zao za buluu na nyeupe, na azikwe upande wa kanisa kule makaburini, karibu na wenzake. Kwetu mtu asiyezikwa na kanisa lake anasemwa vibaya hata na wajukuu wa wajukuu. Watu watauliza alifanya nini.

Simu zikalia katikati ya matanga. Tangazo la Zizi. Juu kabisa ilikuwa picha ya Nana, na ubeti wa wimbo, na maneno marefu ya faraja, mto wa amani, nyumba ya milele. Anti Araba aliiona ile sura ya mama yake, machozi yakamtoka upya, akabonyeza Amina. Kila mtu pale uani akabonyeza. Niliwaona, vidole vyote vikishuka kwa pamoja.

Mimi husoma polepole, neno kwa neno. Ndiyo maana nilifika chini wao wakiwa wamesharudi kwenye biskuti na soda. Chini kabisa iliandikwa kwamba marehemu hakuwahi kuandikishwa katika Zizi, na kwamba mtoto wake bado anaishi katika mitandao ya dunia; kwa hiyo kanisa halitafanya ibada ya mazishi, chama cha akina mama hakitaimba, na familia inaombwa itafute makaburi mahali pengine.

Nilimpelekea simu Anti Araba, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

"Hii wameituma saa hizi?"

"Ndiyo, Anti. Ni hiyo hiyo."

"Ile niliyoitikia?"

 

Kesho yake tulikwenda kwa Osofo, Anti Araba, mimi, na mkuu wa ukoo wao, kwa sababu kwetu mtu haendi kuomba jambo kama hilo peke yake. Osofo alitukaribisha kwa maji, akatuuliza habari za njiani, kila kitu kwa adabu. Ebo alikuwa kando na kompyuta yake.

"Osofo," mkuu wa ukoo alisema, "mama yetu alilijenga kanisa hili."

"Hakuna anayebisha, Mzee. Lakini jambo hili limepelekwa kwa kanisa, na kanisa limeitikia." Akamgeukia Anti Araba. "Sista, ulibonyeza au hukubonyeza?"

"Nilibonyeza, Osofo. Nilikuwa nalia. Niliona picha ya mama."

Ebo akageuza kompyuta ili tuone. "Tena Sista alikuwa wa kwanza. Jina lake liko juu kabisa."

Wa kwanza! Alilisema kama mtu anayetoa zawadi.

"Na nikitaka kuiondoa?"

"Amina haiondolewi, Sista. Hakuna kitufe cha hivyo."

Osofo akakunja mikono. "Mtoto wa marehemu mwenyewe amekubali. Mimi ni nani nipinge Amina yake? Ila mlango haujafungwa. Funga ule ukurasa, uungame ndani ya Zizi kwamba umetubu, nasi tutamzika mama kama malkia."

Niliutazama uso wa Anti Araba. Nilidhani atakubali. Ukurasa ule ndio chakula chake, ndio ulionunua dawa za Nana za presha, lakini mama ni mama. Alisema, "Nipe mpaka kesho, Osofo," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Tukiwa tunatoka, mke wa Osofo akamwita pembeni, karibu na tangi la maji. Alimshika mkono, akampa pole, akalia kidogo. Kisha akapunguza sauti, lakini mimi masikio yangu ni mazuri.

"Araba, dada yangu, mwezi ujao tuna sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Kile cha zambarau, chenye manyoya mawili, alichovaa marehemu... bado kipo?"



"Ulikiona wapi, Mama Osofo?"

"Ah, si kule kule kwako kwenye simu. Nilikuwa napitapita tu."

Kile kikofia hakikuwahi kuwekwa mahali pengine popote ila kwenye ule ukurasa. Mke wa mchungaji alikuwa anapitapita katika soko la shetani, akitazama manyoya, na mumewe yuko ndani anamnyima kaburi bibi aliyeyavaa! Mimi ningepiga yowe palepale, nikamwita Ebo na kompyuta yake aje aone.  Anti Araba hakupiga yowe. Alitoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa yule mwanamke.

"Kipo," alisema. "Atazikwa nacho."

Tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye majiko ya samaki. Maame Bentsiwa alikuwa hapo, mwenyekiti wa chama, mwanamke mkubwa mwenye macho mekundu ya moshi, anageuza samaki kwenye wavu.

"Maame," Anti Araba alimwambia, "ulisoma tangazo la mama?"

"Nilibonyeza, mwanangu. Nilimwona Otuwa, nikasema Amina. Kwani Otuwa si wa kuombewa?"

"Nimekuuliza kama ulisoma."

"Miwani yangu ilivunjika tangu Pasaka. Nisomee."

Akasomewa, yote, mpaka chini. Samaki waliungua upande mmoja bila yeye kuwageuza. Kisha akainua kidole chake cha kulia, akakitazama.

"Kidole mpumbavu wewe! Umemfukuza Otuwa wangu kaburini!" Akakipiga kwa mkono mwingine, pa! "Na wale wengine wote?"

"Wote walibonyeza, Maame."

"Kondoo kweli! Ebo alitupatia jina letu." Akawaita wenzake wa majiko ya jirani, nao wakaanza kulaumiana kwa sauti, huyu akisema alikuwa sokoni, yule akisema simu ilikuwa kwa mjukuu, mwingine akiapa kwamba yeye hubonyeza hata akiwa usingizini. Anti Araba aliwaacha wapige kelele. Kisha akasema:

"Ukurasa wangu siufungi. Na sitaungama kitu ambacho si dhambi. Mama nitamzika Jumamosi. Atakayekuja kuimba aje kwa miguu yake."

Ebo alisikia, sijui nani alimpelekea. Ikaja amri ndani ya Zizi: mama yeyote atakayeonekana kwenye mazishi yale na nguo ya chama atafutwa uanachama. Chini yake, Amina hazikufika hata robo ya kawaida. Hilo lilikuwa jambo jipya. Lakini woga ni woga, na mimi sikutegemea watu.

Jumamosi tukamtoa Nana mochwari, tukamlaza uani kwa muda wa kumuaga, amevaa kikofia cha zambarau, mdomo umefumbwa, ajabu kumwona hacheki. Akina mama hawakuwepo. Tukaanza kutembea na jeneza, ukoo tu na majirani, mkuu wa ukoo akijaribu kuanzisha wimbo kwa sauti yake ya chura.  Anti Araba alitembea mbele, hageuki.

Kwenye kona ya barabara ya kwenda makaburini tukawakuta. Si wote. Labda nusu. Maame Bentsiwa mbele, na wote wamevaa nguo za chama zilizogeuzwa, ndani nje, rangi ya buluu imefifia, mishono inaonekana, nyuzi zinaning'inia.

"Mwaniangalia nini?" Maame Bentsiwa alisema. "Hii si nguo ya chama. Nguo ya chama ina buluu kali. Aje Ebo apime."

Mwingine akadakia, "Tena mimi nimevaa na chupi ndani nje, kwa usalama."

Anti Araba alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko kikageuka kilio katikati, na wakamzunguka, na wakaimba. Waliimba zile nyimbo za zamani alizowafundisha Nana, za kuitikiana, mmoja anatupa na wengine wanadaka, mpaka watu wa madukani wakatoka nje.

Kaburi lilikuwa upande wa mji, kando ya ukuta, mahali ambapo mbuzi hupita. Si upande wa kanisa. Hilo halikurekebishwa mpaka leo. Nusu ya akina mama hawakuja, na nawajua kwa majina.

Tulikuwa bado tunaimba alipotokea Ebo na tai yake. Alisimama juu ya fungu la udongo uliotoka kaburini ili aone vizuri, akainua simu, akaanza kupiga picha.

"Endeleeni, akina mama," alisema. "Ni za Zizi. Watu waone jinsi kanisa linavyowapenda wazee wake."

Nyimbo zikakatika. Nilidhani Maame Bentsiwa atamtia kofi. Lakini Anti Araba ndiye aliyemwendea, akapanda juu ya udongo kwa viatu vyake vyeusi, akauweka mkono wake juu ya ile simu, akaishusha mpaka chini.

"Shemasi," alisema, na hakuinua sauti, "hapa kuna mambo mawili tu. Ushike kamba umshushe mama yangu pamoja na wanaume, au uondoke."

Ebo alizitazama kamba. Alitutazama sisi, na akina mama na mishono yao yote nje. Akafuta udongo kwenye kiatu chake, akaondoka.

Wanaume wakashika kamba.